Mgeni Tuliyemsindikiza Mpaka kwa Askari

Ramadhani alinukia sabuni ya mche na mafuta ya taa. Harufu hiyo ilimtangulia kilimani kabla kengele ya baiskeli yake haijasikika, na sisi watoto wa Nakivale, tuliokuwa tukicheza kwenye vumbi jekundu, tuliinua pua kama mbuzi walionusa chumvi, tukajua kwamba mchumba wa Mama Mdogo Mwamini amefika kutoka Mbarara. Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la mbao lililojaa sindano, chumvi, vitenge na vipande vya sabuni, na juu ya sanduku akaning'iniza madumu ya mafuta ya taa. Akirudi mjini alibeba samli na samaki wakavu wa ziwani. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye haya, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni adabu. Hakuweza kumkatalia mtu jambo. Mwanamke akipiga kelele kwamba kuku wake ametorokea vichakani, Ramadhani aliegemeza baiskeli kwenye mti na kwenda kumkimbiza huyo kuku, sanduku likiwa wazi na sisi watoto tukiwa tumelizunguka. Bibi yangu, mama yake Mwamini, alikuwa akisema kwamba siku kijana huyu atakapoumwa na nyoka, atamwomba nyoka radhi kwa kumkanyaga.

Tulikuwa familia ya Waislamu, mchanganyiko wa Kivu na Rwanda, na tuliishi kwenye kilima kimoja na majirani Wakatoliki, wafugaji na wakulima wa maharage. Bibi alizaliwa upande wa Kongo na Kiswahili chake hakikukubali kuhama naye. Alikizungumza vilevile alivyokizungumza akiwa msichana, na kilima kizima kilimwelewa. Lililotuunganisha sote, kuliko hata lugha, lilikuwa ni kusindikizana. Kwetu mgeni hakuachiwa aondoke hivi hivi. Akishaomba njia, mwenyeji alisimama pamoja naye, akatoka naye uani, akapita naye shamba la migomba, wakaendelea kuongea kana kwamba mazungumzo ya ndani yalikuwa utangulizi tu. Mgeni alisema, rudi sasa, umechoka. Mwenyeji alijibu, bado kidogo. Waliendelea hivyo mpaka kwenye kichuguu, mpaka kwenye mgunga uliopinda, mpaka kwenye kijito, na urefu wa njia hiyo ndio uliomwambia mgeni alivyopendwa. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika mchezo huo. Kazi ya mgeni ilikuwa kukataa. Kazi ya mwenyeji ilikuwa kutosikia. Na nani atoke kumsindikiza, hilo lilikuwa la mwenyeji kuamua. Mgeni hakuwa na neno hapo.

Mwaka ule baada ya vita, askari wapya walipokuwa wamejaa kwenye kambi ya Mbarara na vizuizi vikiwa bado barabarani, mtu fulani aliigeuza desturi hii kuwa mtego. Watu walianza kufa jioni, na wote walikuwa watu waliotoka kusindikiza. Mgeni alikuwa ameshafika kwake salama, mara nyingine hata amekwisha kula, na mwenyeji aliyemwacha kwenye kijito hakurudi nyumbani. Wachunga ng'ombe walimkuta asubuhi kando ya njia, amenyongwa. Mara ya kwanza alikamatwa mgeni mwenyewe, akapigwa, na watu wa kwao Isingiro walilazimika kuja kuapa kwamba alikuwa nao saa ile. Mara ya pili ikaeleweka kwamba muuaji hakuwa na haja na wageni. Alikaa kwenye majani marefu akimngoja mtu anayerudi peke yake, moyo ukiwa mwepesi, pengine akicheka bado na utani wa mwisho. Hakuiba kitu cha maana. Kwa mmoja alichukua kofia. Kwa Mzee Karoli, jirani yetu, aliyekuwa amemsindikiza shemeji yake, alichukua kiko chake cha mti kilichozungushiwa waya wa shaba. Sisi watoto tulimpa muuaji jina la Kakamba, kwa sababu ya kamba, na tulilitamka kwa kunong'ona hata mchana.

Wazee walikutana chini kwenye uwanja wa soko na wengine walitaka kusindikizana kupigwe marufuku. Nilisimuliwa kwamba Mama Karoli, mke wa Mzee Karoli na sasa mjane wa wiki chache, ndiye aliyekataa. Alisema kama wageni wataanza kuondoka peke yao kama mbwa, basi Kakamba amekwisha kutuua sote. Wakakubaliana jambo lingine: kuanzia siku ile hakuna mtu atakayesindikiza peke yake. Mgeni akiomba njia, nyumba itapiga dumu, na wote watakaosikia watatoka. Wataenda pamoja na watarudi pamoja.

Hivyo ndivyo ulivyoanza msimu wa furaha kuliko yote niliyoishi. Najua ni ajabu kuutaja hivyo, maana makaburi yalikuwa mapya, lakini hata Mama Karoli mwenyewe angeniunga mkono. Kabla ya hapo kusindikiza kulikuwa kazi ya watu wazima. Sasa kulikuwa sherehe ya kilima kizima, karibu kila alasiri. Nyumbani kwetu dumu lilikuwa langu. Lilikuwa la manjano, limepasuka chini, haliwezi tena kubeba maji, na nililipiga kwa kijiti cha mnyaa mpaka mikono ikafa ganzi. Wanawake walitoka na unga mikononi, vijana wakaacha mpira wa majani ya migomba, vizee wasiokwenda hata kanisani wakapata miguu. Mgeni, ambaye labda alikuwa amekuja kuazima jembe tu, alijikuta anaondoka na watu wengi kuliko bwana harusi. Tuliimba nyimbo za Kinyarwanda, za Kinyankole, na kaswida ambazo Wakatoliki walizishika haraka na kuziimba kwa makosa matamu. Wakati wa kurudi, jua likiwa linazama nyuma ya ziwa na viboko wakiguna kwenye mafunjo, tulishikana mikono upana wa njia, na woga ukawa mdogo, kama kitu kilichotembea nyuma yetu kwa mbali na kushindwa kutufikia. Watu waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya mipaka ya mashamba walijikuta wameshikana mikono. Baadhi ya wageni walianza kuja bila shida yoyote, ili wasindikizwe.

Asiyeifurahia sherehe hiyo hata kidogo alikuwa Mwamini. Ndoa yake ilipangwa kufungwa baada ya mavuno ya maharage, kwa wazazi wa Ramadhani, mtaa wa Nyamityobora mjini Mbarara, na Ramadhani alikuwa hajui kungoja dumu. Mtu akisimama na kusema anakwenda, yeye alikuwa ameshasimama. Alishamfikisha bikizee mmoja mpaka ng'ambo ya kijito na kurudi peke yake giza likiingia, akipuliza mluzi. Mwamini alimkalisha chini akamwambia kwamba hatashona nguo ya harusi na sanda kwa kitambaa kimoja. Ramadhani aliahidi. Wiki iliyofuata alimsindikiza fundi cherehani, peke yake, kwa sababu fundi alikuwa na haraka. Mwamini alilia jikoni, akisema kwamba Kakamba hana haja ya kumwinda mchumba wake. Atamwomba tu, na Ramadhani atakwenda.

Siku ya Dalali ilikuwa siku ya jua kali. Dalali ndivyo alivyoitwa na wote, kwa sababu alikuwa dalali wa ng'ombe kutoka upande wa Isingiro, na jina lake halisi sitaliandika, maana ana watoto wanaoishi na hawana kosa. Tulimpenda sana. Alijua kuiga sauti ya ng'ombe yeyote kilimani, na si ng'ombe kwa jumla, bali ng'ombe fulani, yule mwenye pembe iliyovunjika wa Mzee Karoli, yule mweusi aliyezaa mapacha. Ukifumba macho ungedhani yuko uani. Alikuwa na tumbo la kuchekesha na mifuko ya karanga. Kwenye matanga ya kila aliyeuawa yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, akawabebea wajane kuni, akalia kwa sauti. Alikuja kwetu alasiri ile, akakaa kwenye kigoda, akanywa maziwa, akamsifu Bibi kwa samli yake na kumtania Ramadhani, aliyekuwa amekuja kuleta vyombo vya harusi, kwamba anaoa wakati nyonga zake bado za mtoto. Ramadhani alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha Dalali akaomba njia. Nilishika kijiti changu. Ramadhani alishasimama, kama kawaida yake. Dalali akaninyooshea mkono nisipige.

"Wacha hii kelele leo, mtoto," alisema. "Mimi nataka huyu kijana tu. Yeye nanitosha."

Alisema kwa upole, akitabasamu, na mtu asiyetoka kwetu asingeona kitu. Lakini Bibi alikuwa akichambua mchele wa harusi kwenye ungo, na niliona mikono yake ikisimama. Baadaye alitueleza kwamba katika maisha yake yote, Kongo, Rwanda na Uganda, alikuwa hajamwona mgeni akichagua wa kumsindikiza. Mgeni hukataa. Mlevi hukataa, mtoto hukataa, adui aliyekuja kupatanishwa hukataa. Huyu alikuwa amesahau kukataa kwa sababu alikuwa na njaa ya kitu, na kilima chetu kilikuwa kimemnyima kitu hicho kwa wiki nyingi, kwa nyimbo na dumu. Hakupiga kelele wala hakumtazama Dalali usoni. Aliweka ungo chini polepole, akasema kwamba ni kweli, watoto wamechoka, lakini yeye mwenyewe anataka kunyoosha miguu; ila magoti yanamsumbua siku hizi, Ramadhani mwanangu, nipe mkono wako nikuegemee.

Bibi hakuwahi kuumwa magoti. Alikuwa akipanda kilima na kuni kichwani na kuwapita wasichana. Mwamini alijitanda kitenge akawafuata. Bibi alipopita karibu yangu, aliniambia kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa, "Piga hiyo dumu mpaka ipasuke."

Nikapiga. Walikuja kama wanavyokuja siku zote, wakipangusa mikono, wakiuliza ni mgeni gani, na walipoona ni Dalali wao mpendwa waliongeza vigelegele. Mama Karoli alikuja na kitenge begani. Ndugu zake wafugaji walikuja na fimbo zao. Hakuna aliyejua kitu isipokuwa Bibi, na Bibi alitembea mbele, amemshika Ramadhani mkono kama kikongwe wa miaka mia, akisimulia habari za Kivu. Dalali alicheka. Kwenye kichuguu alisema inatosha. Bibi akajibu, bado kidogo. Kwenye mgunga uliopinda alisema kwamba yeye anapita njia ya mkato, ile inayoshuka kwenye mafunjo. Bibi akamwambia kwamba kumpitisha mgeni wa heshima matopeni ni aibu, tutapita barabara kubwa. Watu wakaitikia. Tulikuwa tumemzunguka pande zote, tukiimba, na hapakuwa na namna ya mtu mwenye adabu kutoka katikati ya upendo mkubwa kiasi kile. Nilikuwa karibu naye na niliona jasho likimtoka shingoni na kulowesha kola. Kila mara alipogeuka kutuaga, alikuta nyuso zinazomcheka kwa mapenzi.

"Nyinyi rudi sasa," alisema tena, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi nashukuru. Mimi najua njia."

"Tunajua kama unajua njia, muzee," Bibi alimjibu. "Lakini weye ni mugeni wetu. Bado kidogo."

Tulikivuka kijito, ambacho hakuna msindikizaji aliyewahi kukivuka na kundi lote. Hapo baadhi ya watu walianza kuulizana kwa macho, lakini wimbo ulikuwa mzuri na Bibi hakusimama, na ni nani angekuwa wa kwanza kumwacha mgeni? Barabara kubwa ilionekana, kisha mapipa mawili na mti uliolazwa juu yake, kizuizi cha askari. Dalali alipunguza mwendo. Ndugu za Mama Karoli, waliokuwa nyuma wakiimba, wakamsukuma taratibu bila kujua, kwa vifua tu. Askari mmoja, kijana mnene mwenye koti kubwa kuliko yeye, alitoka kwenye kivuli akauliza kwa Kiswahili cha kambini kwamba hii harusi nakwenda wapi.

Bibi alisogea mpaka mbele yake, bado ameshika mkono wa Ramadhani.

"Si harusi, afande. Tunamusindikiza mugeni wetu. Sisi tumemufikisha hapa. Sasa weye umupokee."

Yule askari hakuelewa, lakini kazi yake ilikuwa kupekua mifuko ya kila anayepita, na Dalali, aliyezoea njia ya mkato, alikuwa hajawahi kupita mbele yake. Akanyoosha mkono achukue mkoba wa ngozi uliokuwa begani kwa Dalali. Dalali aliushika kwa nguvu kidogo tu, muda mfupi kabisa, na askari naye akavuta kwa nguvu zaidi. Vilitoka kitambaa, karanga, ukanda wa mpira wa baiskeli uliofungwa vijiti viwili kwenye ncha, na kiko cha mti kilichozungushiwa waya wa shaba. Wimbo ulikufa mbele na kuendelea nyuma, kwa wale ambao hawakuona. Mama Karoli aliinama, akakiokota kile kiko, akakinusa. Hakulia. Alimpa askari, akamwambia kwa Kinyankole kitu ambacho sikukielewa, na askari akaondoa bunduki begani.

Dalali hakukimbia. Alikaa juu ya pipa jingine lililolala kando, akavua kofia, akatutazama sote, wazee na watoto na wanawake wenye unga mikononi, kama mtu aliyeshindwa hesabu rahisi.

"Nyinyi watu nasindikiza mtu sana," alisema.

Wanaume waliinua fimbo, na Mama Karoli akasimama mbele yao. Alisema amefikishwa, basi. Hatuui wageni barabarani, hiyo ilikuwa kazi yake yeye. Askari akamfunga na kumpandisha kwenye lori. Ramadhani alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Alibaki amekunja mkono uleule alioegemewa na Bibi, akimtazama yule mtu aliyekuwa amemchekesha mchana kutwa, na Bibi ikabidi amgonge begani.

"Niache sasa, mwanangu. Magoti yangu ni mazima."

Hapo ndipo Mwamini alipoketi barabarani na kucheka, akacheka mpaka watu wote wakaambukizwa, na tukarudi nyumbani tukicheka na kulia, tukiwa tumeshikana mikono, wengi kiasi kwamba wa mbele walifika kabla wa nyuma hawajaanza.

Yaliyobaki niliyasikia vipande vipande, mjini. Dalali alihojiwa Mbarara na akasema yote bila kulazimishwa, kana kwamba anataja bei za ng'ombe. Alikulia akichunga mifugo ya watu wengine, alikuwa hajawahi kusindikizwa na mtu katika utoto wake, na wengine walitaka kuliona hilo kuwa ndiyo sababu. Bibi alisema wako watu wengi ambao hawakusindikizwa na hawajaua hata sisimizi. Dalali alikiri pia kwamba kwa Ramadhani alikusudia kuvunja utaratibu wake mwenyewe, awe yeye mgeni badala ya kungoja majanini, kisha arudi kesho yake kutulilia. Alihukumiwa, na alifia gerezani kabla sijamaliza shule ya msingi.

Ndoa ilifungwa Nyamityobora na kilima chote kikaja kwa lori la kukodi. Yule askari mnene alifika na mkewe, amevaa shati la kiraia lililomkaa vizuri zaidi, akawa anawaeleza wapishi wa pilau kwamba ni yeye aliyepokea mugeni. Jioni tulipoaga, watu wa Nyamityobora walitusindikiza mpaka kwenye lori. Tulipoona wamefika mbali hivyo, tukaona aibu kuwaacha warudi wenyewe, tukashuka, tukawasindikiza mpaka mtaani. Wao nao wakakataa kutuacha. Tulikwenda na kurudi hivyo, dumu na dufu, mpaka dereva akapanda, akapiga honi, akaanza kuondoka na lori tupu ndipo tukamkimbilia.

Leo ninaishi mjini, kwenye nyumba yenye geti, na marafiki zangu huondoka kwa simu. Wanabonyeza kitu, pikipiki inatokea, tunaagana tukiwa nusu tumekaa. Sidhani sisi ni wabaya kuliko watu wa kilima kile. Hatuna hofu ya mtu mmoja inayotukusanya. Tuna hofu ndogo ndogo nyingi, na kila mmoja wetu hujifungia na zake. Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea Mama Mdogo na mumewe huko Biharwe, wanakoishi sasa. Mwamini amenenepa, Ramadhani amekuwa na mvi na fimbo, na wajukuu wao wamejaa sebuleni. Nilipoomba njia, nilikuwa nimekwisha kuita pikipiki, nayo ilikuwa mlangoni inanguruma. Nilimwambia Baba Mdogo asihangaike, barabara ya Masaka ni hapo tu. Alikuwa ameshasimama. Alitoka, akamtazama kijana wa pikipiki, akamwomba kwa adabu yake ileile azime injini na aisukume. Kijana alinitazama mimi, nikainua mabega. Akazima, akaisukuma pole pole nyuma yetu kwenye vumbi, na wajukuu wakatoka mmoja mmoja kutazama kulikoni, wakatufuata. Nilisema, rudi sasa, Baba Mdogo, umechoka. Hakunisikia.